Fundi redio wa Mwanga: kabla hajagusa kifaa chako, atauliza mawe yake (betri) yako wapi

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana kwa makusudi, na sababu zangu zipo mbele.

Nazungumzia kibanda cha fundi redio kilichopo Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitenge ukiwa unatoka sokoni. Hakina jina. Mbele pana ubao wa bluu ulioandikwa FUNDI REDIO, TV, SIMU, TAA ZA ZIWANI, na chini yake kwa chaki: "Kazi ikilala miezi mitatu tusiulizane." Fundi mwenyewe ni mtu mzima, rika la baba yangu mdogo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nampa shikamoo, ananiita mwanangu. Tukifika kwenye bei ananiita mama.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Siandiki haya kwa sababu ya urafiki, maana hata shilingi mia tano hajawahi kunipunguzia. Naandika kwa sababu vitu kadhaa vya nyumbani kwetu vimeharibiwa na mawe yaliyovuja, vyote vimepita mikononi mwake, na kazi hii anaifanya tofauti na nilivyozoea kuona. Hapa mjini ukipeleka rimoti yenye unga mweupe kwenye springi, fundi anashika kisu au msasa, anakwangua, anapuliza kwa mdomo, anapaka petroli kidogo, anakurudishia. Buku moja. Inawaka, unaondoka umefurahi. Haupiti muda mrefu unarudi na ugonjwa uleule, na safari hii springi imekatika.

Mzee wa Mwanga hata kifuniko hafungui kabla hajajua ndani mlikuwa na mawe ya aina gani. Kama umeyatupa, anakuuliza yalikuwaje, yaliandikwa nini, ulinunua wapi. Mara ya kwanza nilidhani ananipotezea muda. Nilikuwa nimemletea mashine ya presha ya mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu ni mtu wa kutaka majibu leo.

Huyo mama anakaa Ujiji. Alikuwa Dar es Salaam kwa mtoto wake mkubwa, akakaa huko mpaka tukamsahau, na mashine yake ikabaki kabatini na mawe yake ndani. Aliporudi, haikuwaka. Tulipofungua mlango wa mawe tukakuta mawe mawili kati ya manne yameota unga mweupe mkavu wenye chembechembe, umepanda mpaka kwenye vibati. Shemeji yangu akawa ameshashika kisu cha jikoni. Nikamnyang'anya mashine, nikayatia mawe kwenye kopo la margarini, nikapanda bajaji.

Fundi akavaa glavu za mpira, zile nyembamba za hospitali, akatoa jiwe moja na kuligeuza kwenye mwanga. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Soma hapa, mwanangu." Pameandikwa LR6. "Ukiona hiyo L mbele, hilo ni alkalaini. Lisingekuwa na L, likaandikwa R6 peke yake, ni yale mawe ya kawaida ya kaboni na zinki. Ukubwa ni uleule, ukitazama kwa nje yanafanana. Maji yao ya ndani hayafanani."

Hapo ndipo aliponishika. Nina kidato cha nne changu na kemia nilipata alama ya kujivunia, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba asidi na besi za darasani zimo ndani ya rimoti. Jiwe la alkalaini lina potasiamu haidroksaidi, besi kali, jamaa wa karibu wa kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Jiwe likichoka, gesi ya haidrojeni hujaa ndani mpaka ikasukuma yale maji nje kupitia kizibo cha chini. Yakifika nje yanakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka potasiamu kaboneti, ambayo ndiyo ule unga mweupe. Jiwe la kawaida nalo lina amoniamu kloraidi au zinki kloraidi, na maji hayo yana uasidi. Tena gamba lake la zinki ndilo linaloliwa wakati redio inaimba: kadiri unavyotumia, ndivyo gamba linavyokuwa jembamba, na ukiliacha ndani baada ya kufa, linatoboka. Ndiyo maana uvujaji wake mara nyingi ni wa majimaji ya kahawia yanayonata.

Kwa hiyo dawa ya moja siyo dawa ya nyingine. Unga wa alkalaini unauawa na asidi nyepesi: siki ya dukani au maji ya ndimu. Majimaji ya mawe ya kawaida, na hasa asidi ya betri za gari na za sola, yanauawa na bikaboneti, ule unga wa keki (usichanganye na bekingi poda, hiyo imeshatiwa asidi yake humohumo kwenye kopo). Anayepaka siki kila mahali, kwenye jiwe la asidi anaongeza asidi juu ya asidi. Anayepaka petroli haui chochote. Petroli inaondoa mafuta, hizi chumvi haziyeyuki ndani yake, na juu ya hapo inalainisha plastiki ya kifaa chako na kukaribisha moto kibandani.

Nilikaa kwenye benchi nikaangalia kazi yote, maana mama mkwe alikuwa anapiga simu.

Kwanza alihamia nje, chini ya paa la bati palipo na upepo. Akatandika gazeti. Akaukung'uta unga mkavu taratibu kwa mswaki wa zamani, mdomo wa kifaa ukiangalia chini ili unga uangukie gazetini badala ya kuingia ndani ya mashine. Hakupuliza. Kuna kijana alipita akainama atazame, mzee akamsukuma kwa kiwiko: "Hii ikikuingia jichoni utaimba." Si utani. Ile besi inachoma ngozi na macho. Ikikugusa mkononi osha kwa maji mengi, na ikiingia jichoni ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20 bila kuacha, kisha hospitali. Usijaribu kuiua na siki kwenye mwili wako. Siki ni ya chuma.

Baada ya hapo akachovya kijiti cha pamba kwenye kizibo cha siki, akagusa kibati kimoja. Pakachemka povu dogo, sauti yake unaisikia ukitega sikio. Akasubiri litulie, akafuta, akagusa tena kwa kijiti kipya. Aliendelea hivyo mpaka siki ikakaa pale bila povu, ndipo akaridhika. Tone moja moja, hakumwaga. Mashine kama ile ina bodi na kioo ndani, siki ikishuka huko umeua kitu kwa dawa. Siki nayo haiachwi juu ya chuma, itaanza kutu yake yenyewe, hivyo akafuta kwa pamba iliyolowa maji kidogo tu, kisha akapitisha spiriti ya duka la dawa inayofukuza unyevu. Mwisho akasugua vibati kwa ufutio wa penseli wa mtoto wa shule mpaka vikang'aa. Nikamuuliza kwa nini si msasa. Akasema vibati na springi hupakwa nikeli juu, na nikeli hiyo ndiyo inayozuia kutu. Msasa unaiondoa pamoja na uchafu, ndiyo maana zile kazi za buku moja hazidumu. Steliwulu pia hataki kuiona. Nyuzi zake zinakatika, zinaingia kwenye bodi na kuunganisha visivyounganishwa.

Nilidhani tumemaliza, nikatoa mawe mapya. Akakataa. "Ilale." Ikalala kwake kivulini, mlango wazi, mpaka kesho yake. Kesho yake akapima kila kona kwa mita, akaweka mawe mapya manne ya aina moja na tarehe moja, ikawaka. Akaniambia jambo ambalo fundi mwenye tamaa asingesema: kuwaka si kupima. Yeye amerudisha umeme, hawezi kuapa kwamba namba za presha ni sahihi, niipeleke ikalinganishwe. Siku ya kliniki ya mama mkwe pale hospitali ya Maweni tukaenda nayo, nesi akampima kwa mashine yao, kisha kwa ile yetu, tofauti ikawa ndogo. Bei: Sh 5,000. Kwa mashine ambayo mpya yake sitaki hata kuitaja mbele ya mume wangu, nimelipa nikiwa natabasamu.

Rimoti ya king'amuzi niliipeleka baadaye. Mawe yake yalikuwa yale yaliyokuja bure ndani ya boksi, R6 bila L, yamelowa kahawia. Pamba yenye maji kidogo, bikaboneti kidogo iliyolowekwa, maji, spiriti, ufutio. Sh 2,000, nikaondoka nayo siku iliyofuata. Hakuna hadithi zaidi.

Redio ya baba ndiyo iliyompa kazi. Ni ile ya mawe makubwa, R20, inayokula sita. Baba amesikiliza redio hiyo tangu TBC Taifa ikiitwa Radio Tanzania, na akiiweka kabatini mawe hayatoi, anasema redio bila mawe ni sanduku. Springi mbili zilikuwa zimelika mpaka zikabaki nyuzi. Fundi hakuhangaika kuzisafisha. Ana kopo zima la springi na vibati alivyovua kwenye tochi na redio zilizokufa, akachagua zinazolingana na kuzichomea kwa risasi. Nilichokipenda ni kwamba hakuishia pale panapoonekana. Aliuvuta waya mweusi, ule wa upande wa hasi, akachuna gamba lake kidogo. Ndani shaba ilikuwa nyeusi. Akakata kipande, akachuna tena, bado nyeusi. Akaendelea mpaka alipokuta shaba inayong'aa. Maji ya mawe, anasema, husafiri ndani ya gamba la waya bila wewe kuona, na shaba iliyokwisha kulika hivyo haishiki risasi hata uchome mpaka jioni. Fundi asiyelijua hili atakuwekea springi mpya nzuri, na redio itabaki bubu, halafu atakuambia bodi imeungua.

Baba alipoambiwa kwamba mawe ameyachanganya, mawili mapya na manne ya zamani, alinuna. Lakini fundi ana haki. Mawe yakipangwa mstari mmoja, yenye nguvu yanaendelea kusukuma umeme kupitia lile lililochoka hata baada ya lenyewe kwisha, likasukumwa kinyumenyume, na hilo ndilo linaloanza kuvuja. Basi ni yote kwa mpigo au usibadilishe kabisa. Na kuyaanika juani, tabia ambayo kila nyumba ya Kigoma inaijua, kunaongeza uhai kidogo kweli kwa sababu joto linaharakisha mambo ndani ya jiwe, ila joto hilohilo linaharakisha na kuvuja. Usiyarudishe ndani ya kitu unachokipenda.

Pembeni kidogo: tukiwa shule ya msingi tulitumwa mawe yaliyokwisha kama tulivyotumwa ufagio. Tuliyapasua kwa jiwe la kweli, tukasaga ule weusi na mkaa na majani, tukapaka ubao. Mikono ikawa myeusi wiki nzima, na tukala mihogo kwa mikono hiyohiyo. Nilipomsimulia fundi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema ule weusi ni manganizi dayoksaidi na kaboni, na kuuvuta vumbi lake kila mara si jambo zuri kwa mtu. Sasa ndiyo naambiwa.

Naja kwenye mzani wangu, maana wafanyabiashara wenzangu ndio ninaowaandikia zaidi. Ni mzani wa kidijitali wa mezani, na ndani yake kuna betri ndogo ya kuchaji ya volti 6, ya risasi na asidi kama ya gari ila imezibwa. Ukawa unazima katikati ya kupima. Mteja wa Kasulu yuko mbele yako na magunia yake, namba zinapotea, anakuangalia kama mwizi. Fundi akafungua sehemu ya betri tu. Betri ilikuwa imevimba ubavuni na kwenye vichwa vyake kulikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kijani cha bluu. Huo wa kijani unatoka kwenye shaba ya waya iliyoliwa. Hapo siki ilikaa mbali. Alitengeneza uji wa bikaboneti na maji, akapaka kwenye vishikio vya waya, ukatoa povu, akarudia mpaka ukatulia, akafuta kwa maji, akakausha. Betri yenyewe hakujaribu kuifufua. "Iliyovimba haina tiba." Mpya ikanigharimu Sh 18,000 na kazi yake Sh 5,000, na alipomaliza kuifunga akapaka grisi kidogo juu ya vichwa ili hewa ya ziwa isivifikie. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kushika chai yake, kwa sababu ukoko ule una madini ya risasi na risasi ni sumu inayojikusanya mwilini. Pale sokoni nimeona watu wanafungua betri za namna hii huku mtoto amekaa mapajani.

Nikamwambia, mzee, kwa kuwa umeshafungua, nitazamie na huko chini, mbona tarakimu zinacheza. Akageuza mzani akanionyesha lakiri na stika ya Wakala wa Vipimo. "Hapa sigusi, mama. Nikigusa, nakuuzia kesi." Mzani wa biashara ukishakatwa lakiri unatakiwa uhakikiwe upya kabla hujaurudisha mezani, na kutengeneza sehemu inayopima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya mizani. Yeye hana, hajifanyi anayo. Nilikasirika kidogo pale, kwa sababu nilitaka kumaliza. Lakini nimeshaona mzani wa jirani yangu ulivyochukuliwa, basi nikanyamaza. Tarakimu ziliacha kucheza zenyewe betri mpya ilipokaa sawa.

Kuna vitu viwili vingine alivyovikataa mbele yangu na nimevihesabu kama sifa. Kijana alileta betri ya simu iliyotuna kama andazi, anataka itobolewe itoke upepo. Fundi alimfokea. Betri za lithiamu za simu hazisafishwi, hazitobolewi, hazikandamizwi. Ukitoboa zinaweza kuwaka moto mkononi mwako. Akaichukua kwa koleo la plastiki, akaiweka kwenye kopo la mchanga nje. Na mama mmoja alileta kimwanasesere kinachoimba, kifuniko cha betri kimepotea, anataka iwekwe betri ya kitufe na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Alikataa mpaka apate skrubu ya kufunga kifuniko. Kitufe kile mtoto akikimeza kikakwama kooni, kinaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, na mtoto mwenyewe anaonekana ana mafua ya kawaida. Ukishuku mtoto amemeza, usingoje kukiona chooni, ni hospitali muda huohuo. Vitufe vilivyotumika yeye huvifunga selotepu pande zote mbili kabla ya kuviweka kando.

Sasa nyota niliyoibana.

Ni mzito wa ahadi. Akisema kesho ni keshokutwa, akisema Jumatano usiulize Jumatano ya lini. Saa yetu ya ukutani iko kwake mpaka ninapoandika, na kuisafisha kwenyewe ni kazi ya kijiti kimoja cha pamba. Kibaya zaidi ni mbalamwezi. Wasioijua Kigoma niwaambie: wavuvi wa dagaa wanavua giza, wanavutia samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika. Wakipumzika ndipo wanapoleta taa zao na mabetri yao yaliyoliwa vichwa, na kibanda kinajaa mpaka pa kukanyaga hapapo. Wavuvi wanalipa vizuri kuliko rimoti yako. Kwa hiyo peleka vitu vyako mwezi ukiwa mwembamba. Ukipeleka mwezi mpevu utalala kwenye rafu.

Hatoi risiti, wala hata karatasi ya kuonyesha umeacha nini. Anaandika jina lako kwenye plasta na kuibandika kwenye kifaa, na kwake mimi ni "Mama Kibirizi", kama mamia ya wanawake wengine. Mara moja alitaka kunipa redio ya mtu.

Ndani ni giza na pamejaa. Kazi ya unga na asidi anaifanya nje, hilo nampongeza, lakini risasi anachomea ndani, dirisha moja, feni hakuna, na ule moshi tunauvuta sote tuliokaa kwenye benchi. Mzee anayejua madhara ya kila kitu kingine, hili mbona linampita?

Na mawe yaliyokufa. Anayakusanya kwenye dumu lililokatwa, mbali na mvua, hayachomi wala kuyafukia, kwa sababu jiwe likitupwa motoni linaweza kulipuka. Sawa. Lakini dumu limejaa, na nilipomuuliza linaenda wapi likijaa alianza kutafuta bisibisi. Betri za risasi na asidi zina wanunuzi wa chuma chakavu, hizo zinaondoka. Haya madogo yanabaki. Sioni kama ni kosa lake peke yake, ila mteja anayeacha mawe yake pale asidhani yamefika mahali.

Bei nimezitaja. Kusafisha kitu kidogo ni Sh 2,000, cha kati Sh 5,000, springi mpya anaongeza Sh 500 kila moja, waya haujumlishi. Kuna wanaosema ni ghali kwa kufuta kutu. Kama kifaa chako ni rimoti ya dukani ya Sh 5,000, kweli, nunua nyingine, au ifanye mwenyewe nyumbani, yeye mwenyewe alinielekeza bila kuona wivu: glavu au hata mfuko mkononi, dirisha wazi, soma herufi kwenye jiwe, siki kwa lenye L na bikaboneti kwa lenye R peke yake, tone kwa tone, spiriti mwisho, ilale usiku mzima, na watoto wakae mbali. Usidanganywe na maandishi ya "Heavy Duty" ubavuni. Hayo ni yaleyale ya zinki, ubora wa jina. Lakini kifaa chenye bodi ya maana, cha hospitali, cha biashara, au kilichoonyesha kijani kwenye waya, mpelekee yeye.

Jambo moja alilonisisitizia nami naliona lina pesa ndani yake: kitu ambacho hutakitumia kwa mwezi, toa mawe. Mashine nyingi hata zikizimwa zinanyonya kidogo kidogo, jiwe linakufa kimyakimya, na kuvuja kunafuata. Nyumbani kwangu sasa mawe ya tochi ya dharura yanakaa kwenye kikopo pembeni ya tochi. Mume wangu analalamika umeme ukikatika, anasema tochi gani hii ya kuunganisha gizani. Alalamike tu, siku hizi tuna gridi, si kama enzi za majenereta ambapo giza lilikuwa ratiba.

Kumpata: daladala za Ujiji zinakushusha Mwanga sokoni, uliza fundi wa taa za ziwani, mtoto yeyote atakuonyesha. Anafungua saa tatu asubuhi. Ijumaa anafunga mchana kwa swala na akirudi huwa hana haraka. Jumapili yupo nusu siku. Simu hapokei akiwa na kifaa mkononi, maana yake hapokei kabisa. Chukua mawe yaliyovuja ndani ya kopo lenye mfuniko, nenda na chenji, na andika jina lako lote kwenye ile plasta mwenyewe.